Spika za Kusimama za Ngoma na Muvi: Cheki Hivi Kabla Utoe Doo Kitale ama Bungoma

Kama umechoka na ile wufa ya mezani yenye hudunda kila kitu sawa, ngoma, habari na hata tangazo la unga, basi umefika stage ya kutaka spika za kusimama. Zile ndefu, mbili, zinakaa kando ya tivi kama mabaunsa wa klabu. Poa sana. Lakini hapo ndipo wasee wengi huchezwa, na mimi ni mmoja wao, so tulia kidogo kabla utume doo kwa mtu.

Binamu yangu anaishi Bungoma, upande wa Kanduyi. Msimu mmoja aliuza magunia kumi ya mahindi akataka kufungua chumba cha kuonyesha mechi na muvi, watu wakilipa mbao mbao. Mimi, juu niliacha chuo na nilikuwa nashinda kwa YouTube nikiskiza watu wakibonga kuhusu masauti, nikajifanya daktari wa spika. Tukaingia duka fulani Kitale, tukaona seti iko na tolboi nne zinang'aa na stika ya maelfu ya wati. Tukalipa. Wiki ya pili, mechi kubwa, chumba kimejaa, mvua inapiga mabati, na mtangazaji haskiki. Binamu akapandisha volyumu hadi mwisho. Spika zikaanza kukwaruza, moja ikanyamaza kabisa, watu wakahamia kwa jirani na mbao zao. Duka nalo likasema waranti haigusi spika.

Tulipopeleka ile iliyokufa kwa fundi wa redio, alifungua skrubu nne tu. Ndani ya hiyo nguzo yote ya plastiki kulikuwa na koni moja ya inchi tatu hivi, juu kabisa. Zingine zote hewa na waya. Yaani tulinunua stendi.

Hiyo ndiyo kitu ya kwanza ujue: kusimama sakafuni hakufanyi spika iwe spika kubwa. Tolboi nyingi za kwa seti za home theatre ni spika ndogo imewekwa kwa mguu mrefu, na ile besi yote inatoka kwa wufa moja pembeni. Spika ya kusimama ya ukweli ni sanduku zima la mbao ngumu kutoka chini hadi juu, mara nyingi MDF, na hilo sanduku linafanya kazi. Hewa iliyo ndani pamoja na lile tundu, liwe mbele au nyuma, ndiyo inasaidia koni kushuka chini kwa besi. Igonge na kifundo cha kidole. Ikilia kama debe tupu, songa. Ibebe pia. Spika ya maana ni nzito, na hutaibeba mbili mkono mmoja ukipanda ngazi.

Usihesabu koni kwa macho pia. Chukua Polk T50, spika inajulikana sana kwa wale wa bajeti. Ukiitazama unaona koni tatu kubwa na twita juu. Ukweli ni kwamba koni moja tu ya inchi 6.5 ndiyo imeungwa na waya. Zile mbili za chini hazina sumaku wala koili, zinasukumwa na hewa ya ndani ya sanduku. Huo si wizi, ni dizaini halali na inaleta besi poa. Shida ni muuzaji akikuambia "hii iko na wufa tatu" ndio akuongezee bei. Kwa upande mwingine kuna Sony SS-CS3, yenye wufa mbili za inchi tano na kitu, twita, na twita ingine ndogo ya sauti za juu zaidi. Halafu kwa soko la mitumba unaweza bahatika na Pioneer SP-FS52, ile ilichorwa na Andrew Jones, mtu anaheshimika sana kwa mambo ya spika. Hiyo iko na wufa tatu za inchi 5.25 na zote zinafanya kazi. Sisemi lazima ununue hizi. Ni za kukusaidia kujua vile spika ya bei ya chini yenye imetengenezwa na akili hufanana.

Sasa wati. Hapa ndipo uongo umejaa. Ukiona PMPO kwa boksi, chukulia ni urembo. Hiyo ni namba ya mshtuko wa sekunde kidogo sana, na kila mtu hujipimia vile anataka. Wewe uliza RMS, ile nguvu mashine inaweza kutoa mfululizo. Muuzaji akianza kujikuna, zungusha mashine usome kibandiko cha nyuma penye waya wa stima unaingia. Kimeandikwa kitu kama 220-240V, 50Hz, halafu wati. Kama inakula wati 60 kutoka kwa ukuta, haiwezi kukupa wati elfu tano kwa spika. Haiwezi hata kukupa 60 mfululizo, ju nyingine inapotea kama joto. Hiyo stika ya nyuma ndiyo ingeokoa magunia kumi.

Na wati si kila kitu. Kuna namba nyingine huandikwa kwa desibeli, inaonyesha spika inapiga kelele kiasi gani ikipewa wati moja ukiwa umesimama mita moja mbele yake. Hiyo Pioneer ni 87. Spika ya 90 inaskika zaidi kwa desibeli tatu, na kuongeza desibeli tatu kunahitaji nguvu mara mbili. Maana yake ni kwamba amplifaya ya wati 25 kwa spika ya 90 inapiga sawa na ya wati 50 kwa spika ya 87. Kama doo ni kidogo, tafuta spika yenye namba kubwa hapo, halafu ununue amplifaya ndogo ya ukweli.

Cheki pia ohm. Amplifaya nyingi za nyumbani zinataka spika za 6 hadi 8. Spika za kung'oa kwa seti za home theatre mara nyingi ni 3 ama 4, na ukizifunga kwa amplifaya yenye haijatengenezewa hiyo, inachemka hadi inajizima ama inaungua. Vilevile ukiunga spika mbili za 8 kwa tundu moja, amplifaya inaona 4. Wasee wa kuongeza spika kwa korido mnaskia?

Twita ya binamu pengine haikuungua ju ya nguvu nyingi. Mashine ndogo ikisukumwa hadi mwisho inakata mawimbi ya sauti juu na chini, na hiyo sauti iliyokatwa inapeleka moto mwingi kwa twita. Kwa hivyo ukiskia kukwaruza, rudisha volyumu chini hapo hapo.

Kujaribu dukani kuna siri yake. Muuzaji atakuwekea ngoma moja ya besi nzito, utikisike, ulipe. Kataa. Beba flash yako na ngoma unazozijua. Kwa watu wa Bungoma nasema weka rekodi ya litungu: zile nyuzi zinafaa uzisikie moja moja, si kama uji. Kama uko na rekodi ya msimu wa tohara, ile ya Agosti ya miaka kama 2024 na 2026, skiza chinyimba, zile kengele za mkononi. Chuma kikigonga chuma lazima kikate safi bila kukuumiza maskio. Na ile gitaa ya zamani ya omutibo ya George Mukabi iko na chupa ya Fanta inagongwa nyuma. Chupa ikiskika kama chupa, twita iko sawa. Ikiskika kama mtu anasaga mchanga, enda duka lingine. Baadaye ndio uweke drill ama gengetone uone besi. Uzi wa chini kabisa wa gitaa la besi hulia kwa Hezi 41 hivi, na spika ya kusimama ya bei ya chini ikishuka hadi 45 ama 50 kwa nguvu, hiyo inatosha keja.

Muvi nayo iko na shida yake, ile ya kila mtu: risasi zinaamsha ploti nzima, watu wakibonga huskii kitu. Kwa sauti ya 5.1, maneno mengi hupelekwa kwa spika ya katikati, na wewe huna. Kama tivi au dekoda inaendelea kufikiri uko nayo, maneno yanapotea. Ingia kwa setingi za sauti, uchague stereo au PCM, maneno yagawanywe kwa spika zote mbili. Ukikaa katikati, utaapa mtu anaongea kutoka kwa skrini. Ni setingi ya bure na ndiyo ilitusaidia zaidi kuliko kitu chochote tulinunua. Kwa kuunga, tafuta amplifaya yenye inachukua HDMI ARC ama waya wa optiko. Bluetooth wacha ya ngoma za kupikia, ju kwa muvi midomo na sauti hupishana.

Usinunue spika tano za bei ya mbili. Mbili nzuri kwanza, zingine zitakuja na mshahara.

Keja yako pia ni sehemu ya spika. Single ya futi kumi kwa kumi ni kama mita tatu kila upande, na chumba cha mita tatu hupenda kuvimbisha besi karibu na Hezi 57. Kwa sababu pande mbili ziko sawa, shida inajirudia mara mbili. Ndio maana ngoma zingine zinanguruma kwako na kwa beste yako ziko sawa. Usiweke spika kwa kona. Isogeze mbele kutoka kwa ukuta, hasa ikiwa tundu liko nyuma, hata futi moja na nusu. Pazia nzito, kiti cha kitambaa na zulia vinakunywa ule mwangwi wa juu. Mabati bila silingi ni vita, na mvua ya Kitale ikianza, wewe pumzika tu. Kwa keja ya hivyo, kusema ukweli, spika za rafu kwa stendi zinaweza kukufaa zaidi. Spika za kusimama zinaanza kupumua kwa sebule.

Tukija kwa mitumba, ile watu huita ex-UK, hapo ndipo kuna dhahabu na pia kaburi. Utapata Wharfedale, Mission na Tannoy zilizokuwa za bei kubwa Uingereza. Bonyeza pete inayozunguka koni. Ikiwa ni ya mpira na inalegea vizuri, poa. Ikiwa ni ya sponji na inamomonyoka kama mandazi ya juzi, bei ishuke ama uache, ju sponji huoza ikizeeka hata kama haijapigwa. Sukuma koni taratibu na vidole vyote sawa. Ukiskia msuguano, koili imeungua. Beba betri moja ya AA na waya kidogo. Gusa chanya kwa nyekundu na hasi kwa nyeusi: koni inafaa iruke nje na itoe "tup". Ikiingia ndani, mtu aligeuza waya huko, na mbili zikilia kinyume besi inapotea. Ukiwa na mita, spika ya 8 ohm husoma kama 6 au 7. Isiposoma kitu, imekufa.

Kuna wale watakuambia uunde na fundi. Mimi sikatai, fundi mbao wa Bungoma wako na mikono. Lakini mwambie MDF ya milimita 18, maungio yote yazibwe na gundi, na twita isifungwe moja kwa moja. Weka kapasita: ya mikrofaradi 4.7 kwa twita ya 8 ohm inaanza kupitisha sauti kutoka kama Hezi 4,200 kwenda juu. Bila hiyo, besi itaua twita siku ya kwanza.

Tuseme uko na thao 40. Mimi ningeweka thao 24 kwa spika, 12 kwa amplifaya ya mitumba, na hizo nne kwa waya ya shaba ya 1.5 na TV guard. Usiruke TV guard. Stima ikirudi kwa fujo, inangoja dakika kadhaa kabla ipitishe. Radi nayo haiogopi guard, kwa hivyo mawingu ya saa tisa yakijikusanya Mlima Elgon, chomoa plagi zote, hata ya antena.

Na majirani wako na haki yao. Kanuni za kelele za 2009 zinapima mtaa wa makao kwa viwango viwili, na cha usiku ndicho kikali zaidi. Kama unafungua chumba cha biashara kama binamu, kuna pia leseni ya KFCB ya kuonyesha muvi na ya wenye muziki. Uliza kaunti kabla ya kununua, usingoje kuulizwa.

Mwisho ni usafiri. Ukinunua Kitale na unaenda Bungoma, matatu inapitia Kiminini, Kamukuywa, Webuye, na makondaa wanapenda kurusha mizigo juu ya keria. Spika isilale uso chini, na isikae juu ya keria bila turubai. Sisi safari ya pili tulilipia siti mbili za nyuma, tukazisimamisha na kuzifunga na mikanda kama abiria. Kondaa alicheka hadi Webuye.