Ufaransa: ajali ya Épinal na kanuni za tiba ya mionzi

Kati ya mwaka 2004 na 2005, wagonjwa 24 wa saratani ya tezi dume waliotibiwa katika hospitali ya Jean Monnet mjini Épinal, mashariki mwa Ufaransa, walipigwa mionzi kwa kiwango kilichozidi kile walichoandikiwa na madaktari. Baadhi yao walifariki, na wengine wakabaki na majeraha makubwa ya kibofu na utumbo.

Chanzo kilikuwa badiliko dogo. Hospitali iliacha kutumia kabari ya chuma inayopunguza nguvu ya mionzi, ikachukua mtindo mpya ambamo mashine yenyewe husogeza kizuizi wakati wa tiba. Chuma hakikuwapo tena, lakini hesabu ziliendelea kufanywa kana kwamba kipo, hivyo dozi ikawa kubwa mno. Programu ya kompyuta ilikuwa kwa Kiingereza, nao waliotakiwa kuitumia hawakupewa maelezo kwa Kifaransa. Upimaji wa pili, ambao ungelifichua kosa hilo, ulikuwa umeachwa kwa sababu haukulingana na mtindo mpya.

Lililowashtua wengi zaidi ni ukimya uliofuata. Kosa lilijulikana hospitalini mwaka 2005, ila mamlaka ya taifa ya usalama wa nyuklia, ASN, ilijulishwa rasmi mwaka 2006.

Kuanzia hapo sheria zilikazwa. Mwaka 2007 ASN ilitoa mwongozo wa namna ya kutoa taarifa za matukio ya tiba ya mionzi, pamoja na kipimo cha kuyapanga kwa uzito, kutoka 0 hadi 7, kilichotungwa kwa kushirikiana na chama cha madaktari wa fani hiyo. Mwaka 2008 kila kituo kiliagizwa kuandika taratibu zake, kuchunguza hatari kabla hazijatokea, na kusajili hata makosa madogo ambayo hayakumdhuru mtu. Agizo hili la mwisho ndilo lililogusa mazoea ya kazi: fundi aliyeona namba isiyo ya kawaida sasa alikuwa na fomu ya kujaza na kikao cha kuijadili. Wataalamu wa fizikia ya tiba, ambao awali walikuwa wachache mno, waliongezeka. Mwaka 2021 kanuni hizo zilifanyiwa marekebisho, zikahusu matibabu yote ya mionzi.

Hata hivyo, Januari 2013 mahakama ya Paris iliwahukumu kifungo madaktari wawili na mtaalamu mmoja wa fizikia kwa ajali ya Épinal. Ni vigumu kumwambia mfanyakazi aseme kosa lake bila hofu wakati hukumu kama hiyo ingali akilini mwake, na katika miaka ya karibuni ASN yenyewe ililalamika kwamba taarifa zinazoletwa na vituo vya tiba zimepungua. Tangu tarehe 1 Januari 2025, kazi ya kuzipokea iko mikononi mwa mamlaka mpya, ASNR, iliyoundwa kwa kuunganisha ASN na taasisi ya utafiti wa mionzi.