Upupu, Kiti cha Paris na Maradhi ya Kutetemeka

Ramadhan ikiingia, biashara ya dawa za asili nayo hupamba moto. Ukitoka tarawehe utakuta habasoda, asali na chupa zisizo hata na jina, na muuzaji akuapie kuwa zinatibu sukari, presha, mpaka ule ugonjwa unaowatetemesha wazee wetu mikono. Sisi twaamini Mwenyezi Mungu hakushusha maradhi ila na dawa yake. Swali ni je, ni hii iliyo chupani?

Kutetemeka si jambo geni, Ibn Sina aliandika juu ya ra'sha katika Qanun yake. Lakini aliyeupambanua ugonjwa huu ni James Parkinson wa London, mwaka 1817, kwa kutazama watu sita tu, wengine akiwaona njiani. Na tiba aliyopendekeza daktari huyo? Kutoa damu shingoni!

Baadaye Charcot, daktari mkubwa wa Paris, aliambiwa na wagonjwa kuwa wakisafiri kwa treni hupata nafuu. Basi akatengenezesha kiti cha kutikisa mwili. Wagonjwa wakasifu, wakasema wanalala vizuri. Ilipofika 2012 watafiti wa Chicago wakakijaribu upya: kundi moja likatikiswa, jingine likakaa likisikiliza sauti za kutuliza bila mtikiso. Makundi yote mawili yakapata nafuu, tena sawasawa! Kwa hivyo mtu akikwambia "mjomba wangu alitumia akapoa," huenda hasemi uongo, ila bado hajathibitisha kitu. Vidonge vya Q10 navyo vilisifiwa 2002 baada ya kujaribiwa kwa watu 80. Walipopimwa 600, majibu yakatoka 2014: hakuna faida.

Sasa njoo kwa upupu. Ndiyo, huu huu unaowasha, ambao watoto watukutu humwagiana shuleni. Waganga wa India walitumia mbegu zake tangu zama, na 1937 wanakemia wa huko wakatoa ndani yake levodopa. Miaka 20 baadaye Carlsson wa Sweden akaonyesha kuwa kitu hicho huwaamsha sungura waliolemaa kwa dawa, na 1967 Cotzias, kule New York, akawapa wagonjwa kwa kipimo kikubwa kilichopandishwa polepole. Waliokuwa wamekakamaa wakatembea. Mpaka leo hiyo ndiyo dawa kuu ya hospitali.

Kwa hivyo upupu si porojo. Mwaka 2017 huko Bolivia wagonjwa 18 walipewa unga wake na ukafanya kazi vizuri. Lakini 14 walipoutumia kwa wiki 16, nusu yao waliacha, wengine kwa kusumbuliwa na tumbo, wengine kwa kuzidi kudhoofika. Kidonge cha hospitali kina carbidopa, inayozuia levodopa isiharibike kabla ya kufika kwenye ubongo. Upupu hauna, na mbegu hazilingani nguvu.

Anayechanganya vyote viwili bila daktari kujua anajizidishia kipimo. Na anayeacha vidonge ghafla, ati apate kufunga, anaweza kukakamaa mwili na kupandwa na homa kali, hata akafa. Ruhusa ya mgonjwa kula imo ndani ya Qur'ani yenyewe, Suratul Baqara aya 184 na 185. Muulize daktari kuhusu saa za vidonge, kisha muulize sheikh kuhusu fidia, na hayo yafanywe mapema, mwezi wa Shaabani.