Maradhi Yakiingia Kabla ya Mali Kukabidhiwa

Leo tunasoma historia ya mikataba, nasi tutaanza na ng'ombe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilipita Karagwe, ikaua ng'ombe wengi sana. Tuseme mtu alikuwa amekubali kununua ng'ombe kumi, amelipa arubuni, na kabla hajakabidhiwa sotoka ikaingia zizini. Hasara ni ya nani?

Sheria ina jibu la zamani. Mwaka 1863 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya jumba la muziki lililoungua kabla ya siku ya kukodiwa. Ilisema kwamba kitu kikiangamia bila kosa la mtu, mkataba nao umekufa. Shauri la namna hiyo limo pia katika Sheria ya Mikataba ya Tanzania, kifungu cha 56. Lakini je, ng'ombe wakikonda tu, bei ikashuka? Hapo mkataba haujafa. Watu hutazama walichoandika.

Makampuni yanayouzwa au kuunganishwa hukaa miezi mingi kati ya sahihi na makabidhiano. Kwa hiyo mnunuzi huandikisha kwamba biashara ikiharibika vibaya mno katika muda huo, ana ruhusa ya kujitoa. Muuzaji naye huongeza: isipokuwa imeharibiwa na vita, misiba na mambo kama hayo, hasara hiyo mnunuzi aibebe.

Mwezi Septemba 1919 umepita zamani. Tutazame Septemba 2019. Kampuni ya MAPS Hotels, ya wenyeji wa Korea ya Kusini, ilikubali kununua hoteli 15 za fahari huko Marekani kutoka kwa AB Stable, kampuni ya Wachina, kwa dola milioni 5,800. Arubuni ilikuwa karibu dola milioni 582. Makabidhiano yalikuwa yafanyike Aprili 2020. Mwezi Machi ugonjwa wa korona ukafunga safari za watu. Muuzaji akafunga hoteli mbili kabisa, na nyingine akapunguza kazi na wafanyakazi. Mnunuzi akakataa kulipa, wakaenda mahakamani Delaware.

Hukumu ilitoka tarehe 30 Novemba 2020. Neno "misiba" katika mkataba, alisema jaji, linaingiza maradhi ya kuenea. Basi korona haikumpa mnunuzi ruhusa. Hapo muuzaji alishinda. Lakini palikuwa na kifungu kingine, kifupi, ambacho nadhani wengi wangekiruka: mpaka siku ya makabidhiano, muuzaji aendeshe hoteli kwa desturi yake ya zamani. Hakikusema "kwa busara wakati wa maradhi". Angeweza kumwomba mnunuzi kibali kwanza, hakusubiri kukipata. Basi mnunuzi alijitoa na kurudishiwa arubuni yake. Mahakama kuu ya jimbo ilithibitisha tarehe 8 Desemba 2021.

Karibu na kwetu, benki ya Equity ya Kenya ilitaka mwaka 2019 kununua benki za Atlas Mara katika Rwanda, Tanzania, Zambia na Msumbiji. Mwezi Juni 2020, katika korona hiyo hiyo, iliacha mazungumzo.

Sasa kazi ya darasa. Vyama viwili vya kahawa vimekubali kuungana baada ya mavuno, na mnyauko umeingia katika mashamba ya kimoja. Andikeni kifungu kimoja: ni nani atakayebeba hasara, na chama chenye mnyauko kina ruhusa ya kung'oa mibuni bila kuuliza mwenzake?