Kipaza Sauti cha Sinema: Mtazamaji wa Eastlands na Hukumu Yake

Sinema ambazo serikali ya kikoloni iliwaonyesha Waafrika zilikuja na mkalimani. Gari lilifika uwanjani jioni, kitambaa cheupe kikatundikwa, jenereta ikaanza kunguruma, na mtu mmoja akashika kipaza sauti kuwaeleza watu wanachokiona. Huyu ni mkulima hodari, yule ni mvivu. Huyu amechimba choo, yule atauguza watoto. Hakuajiriwa kutafsiri tu. Aliajiriwa ili umati urudi nyumbani na maana ileile iliyokusudiwa na ofisi iliyotuma gari.

Zaidi ya nusu karne baadaye, katika vibanda vya vidio vya Mukuru, Nairobi, nyuma ya viwanda vya barabara ya Lunga Lunga, kipaza sauti kilikuwa kimehamia kwa mtu wa aina nyingine. DJ Afro alisimulia filamu za Kihindi na za Kichina kwa Kiswahili kilichochanganywa na Sheng, akamcheka stelingi anapofanya ujinga, akambatiza adui majina ya utani, akaingiza mambo ya mtaani ambayo mwongozaji wa filamu hakuyawazia kamwe. Wa kwanza aliwaambia watu wafikiri nini. Wa pili alisema kile ambacho watu walikuwa tayari wanakifikiri. Jinsi kipaza sauti kilivyotoka mkono mmoja hadi mwingine ndiyo historia ya maoni ya mtazamaji wa kawaida katika mitaa inayozunguka Industrial Area.

WATAALAMU NA KUKU

Majaribio ya kwanza makubwa ya sinema hizo yalifanyika Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika, kati ya 1935 na 1937. Mradi huo ulifadhiliwa na Shirika la Carnegie la Marekani na kuendeshwa na Waingereza wawili, L. A. Notcutt na G. C. Latham. Walitengeneza filamu zisizo na sauti, wakaambatanisha maelezo yaliyorekodiwa kwenye sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo. Kisha walizungusha filamu hizo Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, wakiandika jinsi watazamaji walivyozipokea. Kitabu chao kilitoka 1937, nacho ni miongoni mwa rekodi za mwanzo kabisa za maoni ya Waafrika wa kawaida kuhusu filamu. Bahati mbaya, aliyeshika kalamu ndiye aliyekuwa na filamu ya kuitetea.

Mwaka wa 1939 Uingereza ilianzisha kitengo cha filamu cha makoloni, Colonial Film Unit. Mkuu wake, William Sellers, alikuwa amejifunza kazi hiyo Nigeria, na alishikilia kwamba Mwafrika aonyeshwe picha za polepole, zisizorukaruka, zisizo na hila za kamera, la sivyo atapotea njiani.

Kisa maarufu kilichotumiwa kuunga mkono imani hiyo kilisimuliwa na John Wilson wa London, na mwaka wa 1962 Marshall McLuhan akakitia katika kitabu chake kuhusu uchapaji. Wanakijiji walionyeshwa filamu fupi ya usafi, ya mtu anayemwaga maji yaliyotuama. Walipoulizwa wameona nini, walijibu kwamba wameona kuku. Watengenezaji walishangaa, kwa kuwa wao wenyewe hawakujua kama mna kuku. Waliirudia filamu picha kwa picha, wakamkuta: alipita pembeni kwa muda wa kama sekunde moja tu.

Wataalamu waliona humo ushahidi kwamba watu hawa hawajui kutazama sinema. Lakini kisa hicho kinasomeka pia upande wa pili. Wanakijiji waliona kitu kilichokuwemo kwenye filamu, ambacho hata mwenye filamu hakukiona, nao wakakitaja bila kuogopa. Kwa mhakiki, sifa hiyo si haba.

MITAA YA RELI NA VIWANDA

Nairobi ilizaliwa na reli mwaka wa 1899. Viwanda vilipopangwa kusini mwa njia ya reli, wafanyakazi walijengewa mitaa upande wa mashariki: Muthurwa na Makongeni kwa watu wa reli, kisha Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Bahati, Mbotela na mingineyo. Askari waliorudi kutoka Burma baada ya Vita Vikuu vya Pili walikuja na macho yaliyokwisha kuona sinema kambini. Sinema katika kumbi za mitaa kama Kaloleni na Pumwani, au kwenye uwanja wa wazi, haikuwa muujiza kwao.

Kilichokosekana ni uhuru wa kuchagua. Bodi ya ukaguzi ya kikoloni haikuuliza umri wa mtazamaji tu, iliuliza na rangi yake. Filamu iliyoruhusiwa kwa Mzungu ingeweza kukataliwa kwa Mwafrika, hasa ikiwa na uhalifu au ikimwonyesha mzungu akidhalilika. Ukali huo ulizidi baada ya Oktoba 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa kukabili uasi wa Mau Mau. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, na mitaa ya Eastlands ikapekuliwa nyumba kwa nyumba. Miaka hiyohiyo Waingereza na Wamarekani walitengeneza sinema kuhusu Mau Mau, zikiwemo Simba ya 1955 na Something of Value ya 1957 iliyomshirikisha Sidney Poitier. Wakazi wa Bahati na Shauri Moyo, ambao ndio waliopekuliwa, hawakuwa watazamaji waliokusudiwa.

Baada ya uhuru magari ya sinema hayakutoweka, ila mwenye kutaka kusikilizwa alibadilika. Mfanyabiashara alichukua nafasi kando ya serikali. Magari ya matangazo yalionyesha vichekesho vya bure, na katikati ya kicheko likapenyezwa tangazo la sabuni au la mafuta ya kupikia. East Africa Industries, kiwanda kilichokuwa Commercial Street, Industrial Area, kilitengeneza Blue Band, Kimbo na mafuta yaliyoitwa Cowboy. Aliyesukuma mikebe hiyo kiwandani mchana aliweza kukutana nayo jioni kwenye kitambaa cheupe.

MJINI KWA MIGUU

Aliyekuwa na shilingi zake alivuka Landhies Road kwenda mjini. Huko majumba yalipangwa kwa hadhi. Kenya Cinema, 20th Century na Nairobi Cinema zilipata filamu mpya na watu wenye nafasi. Odeon, Embassy, Cameo na Casino zilikuwa za kila mtu, na Shan ya Ngara ilijulikana kwa filamu za Kihindi. Kando ya barabara ya Mombasa, jirani na Industrial Area, kulikuwa na Belle Vue, sinema ya kutazamwa ukiwa ndani ya gari. Sauti yake ilipitia spika ndogo za kuning'inizwa dirishani mwa gari. Aliyesimama nje ya ua alipata picha bila neno, na hadithi akajitungia.

Katika miaka ya 1970 filamu mbili za mbali zilifika na kukaa. Enter the Dragon ilitoka 1973, wiki chache tu baada ya Bruce Lee kufariki, na Sholay ilitoka 1975. Sababu ya kupendwa kwa filamu za aina hizo haihitaji profesa. Filamu ya kung fu ina mwalimu aliyeuawa, mwanafunzi anayejinoa kwa uvumilivu, na deni linalolipwa kwa mikono mitupu. Mitaa iliyolea mabondia ililielewa hilo bila mkalimani. Filamu ya Kihindi ina mama anayelia, ndugu waliopotezana, tajiri dhalimu, na nyimbo zinazotoa nafasi ya kupumua. Pwani, Unguja na Dar es Salaam mapenzi hayo yalianza mapema zaidi, tangu enzi za Raj Kapoor na Awaara ya 1951.

Filamu ya Kiafrika iliyogusa wengi zaidi wakati huo ilitengenezwa hapahapa. The Rise and Fall of Idi Amin, iliyoongozwa na Sharad Patel, ilitoka 1981 huku Joseph Olita wa Siaya akiigiza Amin. Wahakiki wa Ulaya waliiona ya kutisha kupita kiasi. Eastlands ilimpokea Olita kama Amin mwenyewe, na hata Mira Nair alipomhitaji Amin katika Mississippi Masala ya 1991, alimwita yeye. Mwaka wa 2007 Forest Whitaker alitunukiwa Oscar kwa kuigiza mtu huyohuyo. Waulize waliokua mitaani miaka ya 1980 Amin wa sinema ni yupi. Wengi watakutajia Olita, na tuzo haitawabadili nia.

BENCHI, PAZIA NA SARAFU

Kanda za vidio ziliyatoa majumba ya mjini pumzi. Kibanda kilihitaji mabati, mabenchi, pazia zito la kuzuia mwanga, runinga, deki, na umeme, ambao mara nyingi ulikuwa wa sambaza. Nje kulikuwa na ubao wenye ratiba iliyoandikwa kwa chaki: Rambo, Commando, Bloodsport, Kickboxer. Kiingilio kilikuwa sarafu ambayo hata mtoto aliweza kuitafuta.

Hapa ndipo maoni ya mtazamaji yalipopata nguvu halisi. Katika kibanda hakuna anayekuambia nyamaza. Stelingi huonywa kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Anayebusu kwa muda mrefu wakati wenzake wanauawa hukaripiwa. Aliyekwisha kuiona filamu huwatangulia wenzake kwa maelezo, na hutukanwa kwa kazi hiyo. Mwenye kibanda hahitaji kuuliza watu wamependa nini, kwa maana kanda inayojaza mabenchi hurudiwa na inayoyaacha matupu hurudishwa. Rambo alidumu kwa kura hiyo. Filamu nyingi zilizosifiwa na wasomi ziliangushwa na kura hiyohiyo.

Mapenzi hayo yalimwagika hadi barabarani, matatu zikichorwa sura za wababe wa sinema. Waongozaji wa Sense8, tamthilia ya Netflix ya 2015, walilinasa jambo hilo: mhusika wao wa Nairobi, Capheus, ni dereva wa matatu anayemhusudu Jean-Claude Van Damme kiasi cha kulipa gari lake jina la Van Damn.

MSIMULIZI ANAINGIA

Msimulizi wa vidio hakuanzia Kenya peke yake. Dar es Salaam ilimjua Lufufu. Kampala ina ma-VJ wake, na filamu ya Nabwana I.G.G. ya 2010, Who Killed Captain Alex?, haiwezi kutenganishwa na sauti ya VJ Emmie anayeisifu, kuicheka na kuishangilia tangu mwanzo hadi mwisho. Nairobi ilimpata DJ Afro, ambaye diski zake zilienea vibandani na madukani, na baada yake wakaja wengine.

Wasomi wa lugha waliomlaumu DJ Afro kwa kutotafsiri sawasawa walimpima kwa kipimo kisicho chake. Yeye ni yule jamaa wa benchi la nyuma mwenye mdomo, aliyepewa maikrofoni. Kazi aliyopewa mkalimani wa gari la serikali, ya kuufunga mdomo wa umati, yeye aliigeuza kuwa ya kuufungua. Ndiyo maana filamu ileile ikiwa na sauti yake ilijaza kibanda, na bila sauti yake ikapita kimya.

Sinema ya Kenya nayo ililitambua hilo. Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga, iliyotoka 2012, inaanza na Mwas, kijana wa kijijini anayeuza diski za filamu kwa kuwaigizia wateja vipande vyake. Ni mtazamaji msimulizi aliyegeuzwa mhusika mkuu. Joseph Wairimu aliyemwigiza alipata tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Durban, na filamu hiyo ikawa ya kwanza kupelekwa na Kenya kugombea Oscar ya filamu za kigeni. Mitaani ilisifiwa kwa jambo jingine: majambazi wake walizungumza kama majambazi wa Nairobi.

BODI HAIJAENDA MBALI

Ukaguzi haukuondoka na mkoloni. Sheria ya filamu na michezo ya jukwaani ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 ndiyo inayoipa nguvu bodi ya sasa, KFCB. Mwaka wa 2014 bodi ilipiga marufuku The Wolf of Wall Street, na Aprili 2018 ikaizuia Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi katika tamasha la Cannes. Septemba mwaka huo Jaji Wilfrida Okwany aliisimamisha marufuku kwa siku saba, akaruhusu watu wazima waitazame. Foleni ziliundwa nje ya sinema ya Prestige, Ngong Road. Wapo walioipenda na wapo walioikataa, lakini kwa siku hizo saba walikuwa wakibishana juu ya filamu waliyoiona. Zilipokwisha, mabishano yakarudi kuwa juu ya filamu ya kusikia.

Leo duka la muvi la Mukuru linajaza flashi kwa shilingi chache, na simu inacheza filamu mfukoni mwa mfanyakazi anayesubiri lango la kiwanda lifunguliwe. Hakuna tena wa kumchagulia, na hilo ni ushindi. Ila mtazamaji wa peke yake hana wa kumpinga papo hapo, na mwongozaji wa filamu hawezi kumsikia. Watengenezaji wa filamu wa Nairobi, ambao huzindua kazi zao katika majengo ya kifahari mbele ya marafiki wanaopiga makofi kwa adabu, wana njia ya mkato ya kujua ukweli. Waipeleke filamu Mukuru kabla haijakamilika, walipe kiingilio cha kila mtu, wakae nyuma, wasishike kipaza sauti.