Njia ya Ndege ni Ruhusa ya Jirani

Ndugu msikilizaji, ukiuliza umbali kutoka Johannesburg hadi London utaambiwa ni kama kilomita 9,000. Jibu hilo halibadiliki. Lakini ukiuliza safari huchukua muda gani, mimi nitakuuliza kwanza: mwaka gani, na kwa ndege ya nani?

Tarehe 2 Mei 1952 ndege aina ya Comet ya shirika la BOAC la Uingereza iliondoka London ikiwa na abiria 36. Ilikuwa safari ya kwanza duniani ya jeti ya abiria kwa ratiba. Ilitua Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika Johannesburg kabla ya saa 24 kutimia. Siku hizi ndege huenda moja kwa moja kwa takriban saa 11. Hayo ni maendeleo ya mashine.

Sasa tutazame siasa. Mei 1963 viongozi wa Afrika huru walikutana Addis Ababa kuunda OAU. Waliazimia, pamoja na mengine, kuzinyima ndege za Afrika Kusini na Ureno ruhusa ya kupita katika anga zao. Mwaka huo huo ndege za South African Airways, ambazo zilizoea kutua Nairobi zikielekea Ulaya, zikakosa njia. Zikalazimika kufuata Bahari ya Atlantiki na kulizunguka bara upande wa magharibi. Baadaye kituo chao kikubwa cha mafuta kikawa kisiwa cha Ilha do Sal, huko Cape Verde. Miji ni ile ile, safari imerefuka.

Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Kama Sudan ingefunga anga peke yake, rubani angepita kwa jirani. Walipofunga wengi pamoja, hapakuwa na upenyo.

Hata hivyo, tusijisifu kupita kiasi. Ndege za mashirika ya Ulaya ziliendelea kupita juu ya vichwa vyetu zikienda Johannesburg hiyo hiyo. Nayo Cape Verde, baada ya kupata uhuru mwaka 1975, iliendelea kuzipokea ndege za makaburu kwa kuwa ilihitaji mno mapato ya uwanja ule. Mimi siwezi kuwalaumu watu wa visiwa vikame. Ubaguzi haukuangushwa na saa za ziada angani; lakini kila abiria aliyezungushwa baharini alijua kuna watu waliokataa. Mandela alitoka gerezani mwaka 1990, na anga zikaanza kufunguliwa.

Mambo hayo hayajaisha. Mwaka 2022 Urusi ilizifungia anga yake ndege za Ulaya, na safari ya Helsinki hadi Tokyo ikaruka kutoka saa 9 na ushee hadi kama 13.

Basi, msikilizaji, ukisoma saa za safari kwenye tiketi yako, kumbuka kwamba ndani yake mna injini, mna mafuta, na mna majirani waliokubali upite.