Fundi Aliyegeuzwa Mpangaji

Tarehe 6 Mei, 2013, katika mkutano wake uliofanyika Los Angeles, kampuni ya Marekani iitwayo Adobe ilitoa tangazo ambalo kwa watu wengi lilipita kama upepo. Lakini kwa wapiga chapa, wachora matangazo, wapiga picha na wahariri wa filamu, lilikuwa kama radi. Kampuni hiyo ilisema kwamba programu zake za kazi, zikiwamo Photoshop ya kutengeneza picha na InDesign ya kupanga kurasa za magazeti na vitabu, hazitatolewa tena kwa mtindo wa lipa mara moja uende nayo. Toleo la CS6, lililotoka mwaka 2012, ndilo lingekuwa la mwisho kuuzwa hivyo. Tangu hapo, anayetaka toleo jipya sharti alipe kila mwezi au kila mwaka. Akiacha kulipa, programu inajifunga.

Nimelichagua jambo hili leo kwa sababu linatugusa kuliko tunavyodhani. Kadi ya harusi uliyopokea majuzi, bango la sabuni pale kituo cha basi, lebo ya chupa ya maji, hata ukurasa wa gazeti, nyingi ya kazi hizo hupita katika programu za namna hii. Na nyuma ya kila kazi yuko fundi anayepata mkate wake kwa chombo ambacho zamani kilikuwa chake, na sasa ni cha kukodi.

Wengi hudhani kwamba kukodisha programu ni uvumbuzi wa juzi. La hasha. Tukirudi nyuma tutaona kuwa kukodi ndiko kulikotangulia. Kampuni ya IBM, iliyotawala biashara ya mashine za hesabu kwa miaka mingi, haikuwa ikiuza mashine zake; ilikuwa ikizikodisha. Isitoshe, iliwalazimisha waliokodi kutumia kadi za kutoboa zilizotengenezwa na IBM yenyewe. Mwaka 1936 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba sharti hilo la kadi lilikuwa kinyume cha sheria. Miaka 20 baadaye, mwaka 1956, baada ya kesi iliyofunguliwa na serikali ya nchi hiyo, IBM ilikubali kwamba kila mashine inayoikodisha iwe pia inauzwa kwa anayetaka kuinunua.

Wakati huo programu zenyewe hazikuwa na bei yake. Zilikuja pamoja na mashine, kama mfuniko unavyokuja na sufuria. Ilikuwa ni Juni 1969, serikali ikiwa imefungua kesi nyingine mwanzoni mwa mwaka, ndipo IBM ilipotangaza kwamba itaanza kutoza bei ya programu mbali na bei ya mashine. Na programu hizo za kwanza kuwekewa bei zilitozwa vipi? Kwa mwezi.

Mtindo wa kununua moja kwa moja ulikuja na kompyuta ndogo za mezani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, programu ziligeuka bidhaa ya dukani: boksi, kitabu cha maelekezo na diski ndani yake. VisiCalc ya mwaka 1979, Lotus 1-2-3 ya mwaka 1983, na Photoshop yenyewe iliyotoka mwaka 1990, zote ziliuzwa hivyo. Muuzaji hakuwa na waya wa kumfikia mnunuzi nyumbani kwake. Akishauza, kameza mate. Kwa hiyo kile tulichokizoea hata tukakiona kuwa ndiyo desturi, kilikuwa kipindi cha miaka kama 30 tu kati ya enzi mbili za kukodi.

Hata katika kipindi hicho tusijidanganye. Aliyenunua boksi hakununua programu. Alinunua ruhusa ya kuitumia. Adobe iliuza toleo la CS2 mwaka 2005, na kompyuta ya mteja ilihitaji kuomba idhini kutoka mashine za kampuni kabla programu haijafanya kazi. Ilipofika mwanzo wa mwaka 2013 mashine hizo za idhini zilikuwa zimezimwa, na kampuni ikabidi iwape wateja wake nakala isiyohitaji idhini. Milele hiyo ilikuwa imedumu miaka isiyozidi minane.

Sasa tuwe waadilifu, tutazame hoja za pande zote mbili. Furushi kubwa kabisa la CS6 liliuzwa kwa dola 2,599. Kijana anayeanza kazi angezitoa wapi? Kwa mpango mpya aliweza kuanza na dola 49.99 kwa mwezi, akiwa na mkataba wa mwaka. Wapiga picha nao walipata nafuu zaidi, kwani baadaye mwaka 2013 walipewa Photoshop na Lightroom kwa dola 9.99 kwa mwezi, na hali Photoshop pekee ilikuwa dola 699. Ingemchukua mtu karibu miaka sita kufikisha kiasi hicho. Na aliyekuwa akinunua kila toleo jipya linapotoka hakuona tofauti kubwa mfukoni.

Aliyeumia ni yule fundi wa kubana matumizi, aliyenunua mara moja akakaa na toleo lake miaka saba, minane, mpaka kompyuta yenyewe ikafa. Yeye ndiye aliyekuwa akimkosesha muuzaji usingizi. Kwake, dola 49.99 za kila mwezi hufikia bei ya furushi zima baada ya miaka minne na miezi minne, na baada ya hapo bado anadaiwa. Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga, ila hapa kibaba kinachojaa ni cha muuzaji.

Na kilijaa kweli. Zaidi ya sahihi 30,000 za wateja zilikusanywa kupinga uamuzi huo, na faida ya Adobe ikashuka kutoka dola milioni 833 mwaka 2012 hadi milioni 290 mwaka 2013. Kampuni haikurudi nyuma. Mapato yake, yaliyokuwa dola bilioni 4.4 mwaka 2012, yalifika bilioni 21.5 mwaka 2024. Wengine walipoona hivyo wakafuata njia. Autodesk, wenye AutoCAD inayotumiwa na wachora ramani za majengo, waliacha kuuza leseni mpya za kudumu mwaka 2016.

Ndugu msikilizaji, bei si kiini cha jambo hili. Kiini chake ni nani ameshika ufunguo.

Pale Mombasa, katika mitaa kama Majengo, kuna mtindo wa tangu zamani ambapo nyumba ni ya mtu mmoja na kiwanja ni cha mwingine. Kuta ni zako, paa ni lako, mlango umeutia mwenyewe, lakini kila mwezi unalipa kodi ya ardhi. Siku mwenye kiwanja akikuambia uhame, huwezi kuibeba nyumba kichwani. Fundi wa leo anaishi katika nyumba ya namna hiyo. Kazi zake za miaka kumi ni mali yake kwa haki zote, lakini zimehifadhiwa katika lugha ambayo programu ya kukodi peke yake ndiyo inayoielewa sawasawa. Akishindwa kulipa, kazi ni zake na kuzifungua hawezi.

Haya si mambo ya kufikirika. Mei 2014 mitambo ya Adobe ya kuwatambua wateja iliharibika kwa zaidi ya saa 24, na watu waliokwisha kulipa wakashindwa kuingia katika huduma zao. Oktoba 2019 yakatokea makubwa zaidi. Kampuni hiyo iliwaarifu wateja wake wote wa Venezuela kwamba akaunti zao zitafungwa, kwa sababu Rais wa Marekani alikuwa ametia sahihi amri ya vikwazo dhidi ya serikali ya nchi hiyo. Mchora matangazo wa Caracas, ambaye hakuwa waziri wala jenerali, alipewa wiki chache tu ajipange. Mwishoni mwa mwezi huo kampuni ilipata kibali cha serikali yake, na huduma zikaendelea. Lakini funzo lilikuwa limekwisha kutolewa. Aliyekuwa na boksi lake la zamani kabatini asingefikiwa na barua ile.

Kwetu sisi kuna mzigo mwingine juu ya huo, nao ni dola. Mwaka 2013 dola moja ilikuwa kama shilingi 1,600 za Tanzania, hivyo dola 49.99 zilikuwa kama shilingi 80,000. Mwishoni mwa mwaka 2023 bei ilikuwa imepanda hadi dola 59.99, na dola yenyewe imefika kama shilingi 2,500. Hesabu inakuja karibu shilingi 150,000. Mmarekani aliongezewa moja ya tano. Fundi wa Kariakoo aliongezewa karibu mara mbili, na wateja wake wanamlipa kwa shilingi. Si ajabu kwamba wengi wamebaki na nakala za wizi. Siwatetei, maana wizi ni wizi, na nakala hizo mara nyingi huja na virusi. Nasema tu kwamba mahali ambapo njia halali haipitiki, watu huchimba ya panya.

Tofauti kati ya enzi ya IBM na ya leo ni hii. Aliyekodi mashine ya IBM alikuwa benki, shirika la reli au wizara. Alikuwa na mawakili, na nyuma yake serikali ilikwenda mahakamani mara kadhaa. Mpangaji wa leo ni mtu mmoja na kompyuta yake. Hata hivyo dola hazijalala kabisa. Juni 2024 tume ya biashara ya serikali ya Marekani iliishitaki Adobe ikidai kwamba iliwaficha wateja faini ya kuvunja mkataba mapema na kuwatatizia kujitoa. Kampuni ilikana madai hayo.

Je, tufanye nini? Mfano mmoja watosha. Mwaka 2002 kampuni ya Uholanzi iliyokuwa ikitengeneza programu ya Blender, ya kuchora filamu za katuni, ilikuwa imefilisika. Muasisi wake, Ton Roosendaal, aliwaomba watumiaji wachange euro 100,000 ili programu ikombolewe iwe ya wote. Zilipatikana kwa wiki saba. Mwaka 2025 filamu ya Latvia iitwayo Flow, iliyotengenezwa kwa Blender, ilishinda tuzo ya Oscar.

Vyuo vyetu basi visimfundishe kijana zana moja tu, tena ya kukodi, kana kwamba nyingine hazipo. Programu za bure kama GIMP, Inkscape na Scribus nazo zifundishwe. Fundi naye, kila anapomaliza kazi, aweke nakala katika mtindo unaofunguka popote. PDF, ambayo ilianzishwa na Adobe hao hao mwaka 1993, tangu mwaka 2008 ni kipimo cha kimataifa kisichomhitaji mwenye nyumba yeyote. Haitakurudishia kila kitu ulichokipanga ndani ya kazi yako, lakini mteja akirudi baada ya miaka mitano akitaka kadi ile ile, utakuwa na cha kumwonyesha.

Kukodi si aibu. Wengi wetu tunaishi nyumba za kupanga. Lakini mpangaji mwenye akili huweka hati zake mahali anapoweza kuzichukua usiku wowote.