Afya kwa Kipimo cha Umbali: Ruashi katika Mipango ya Serikali

Mipango ya afya ya umma mjini Lubumbashi haikuanza na hospitali, bali na ramani. Makala hii fupi inakusudia kuonyesha kwamba watawala walitaka kulinda afya kwa kuwatenga watu na watu, na kwamba mtaa wa Ruashi, ambao ni zao la fikra hiyo, ndio unaodhihirisha zaidi upungufu wake.

Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville. Mwaka 1921 makazi ya Waafrika, ambayo leo ni Kamalondo, yaliwekwa upande wa kusini, ng'ambo ya eneo tupu lenye upana wa mamia ya mita. Hoja ilikuwa ya kitabibu: mbu aenezaye malaria hawezi kuruka umbali huo. Hata hivyo, wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani walilivuka eneo hilo kila alfajiri. Watu hao hawakukosa kumbukumbu. Mwaka 1965 André Yav alitunga, kwa Kiswahili cha huko, historia ya mji kama walivyouona watumishi. Johannes Fabian aliichapisha tena mwaka 1990.

Kampuni ya Union Minière nayo ilikuwa na mpango wake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, baada ya vifo vingi kambini, iliruhusu wafanyakazi kukaa na wake zao, ikajenga zahanati na kufuatilia ukuaji wa watoto wachanga. Vifo vilipungua. Lakini ustawi huo haukuwa na nafasi ya sauti ya mfanyakazi: wagomaji walipodai mishahara bora mnamo Desemba 1941, askari waliwapiga risasi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Ubelgiji ilitangaza Mpango wa Miaka Kumi (1949–1959), uliohusu pia zahanati, maji na makazi. Mwaka 1952 iliundwa Ofisi ya Miji ya Kiafrika, nayo ikaijenga Ruashi kaskazini-mashariki, kilomita kadhaa kutoka katikati ya mji. Nyumba zilikuwa imara na barabara zimenyooka. Umbali, hata hivyo, ulibaki kuwa kanuni. Tena upande huohuo ndiko uliko mgodi wa Étoile, au Kalukuluku, uliofunguliwa mwaka 1911. Mtaa uliwekwa mbali na Wazungu, si mbali na shaba.

Baada ya uhuru fikra ilibadilika. Kufuatia mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, Zaire iligawa nchi nzima katika kanda za afya 306 wakati wa miaka ya 1980. Hapa mpaka haukukusudiwa kutenga, bali kufikisha huduma: kila kanda iwe na hospitali yake na vituo vyake. Ruashi leo ni mojawapo ya kanda za Lubumbashi.

Kilichofuata ndicho kinachotushughulisha. Baada ya sheria ya madini ya mwaka 2002, uchimbaji ulishika kasi tena jirani na nyumba za watu. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walitoa matokeo ya kupima mkojo wa watu 351 kusini mwa Katanga. Waliokaa chini ya kilomita tatu kutoka migodi au viwanda vya kuyeyushia madini walikutwa na kobalti nyingi mno. Viwango hivyo vilikuwa vya juu kuliko vyote vilivyopata kuripotiwa kwa raia wa kawaida.

Kwa hiyo kipimo cha umbali kimerejea, ila kimegeuka. Zamani mita zilihesabiwa ili kumlinda mtawala dhidi ya mkazi. Sasa zinahesabiwa ili kujua mkazi amedhurika kiasi gani. Kanda ya afya hutibu, lakini kibali cha kuchimba hutolewa na Wizara ya Madini. Maadamu mipango hii miwili haikutani, zahanati ya Ruashi itaendelea kupokea wagonjwa wa jambo ambalo haina uwezo wa kulizuia. Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga ya Ruashi yaanzia pale kibali kinapotiwa sahihi.